Dawa ya kuhara: ya kuleta au ya kuzuia? Historia ya tiba moja na utata wa ‘ya’

TAZAMA maneno haya matatu: dawa ya kuhara. Kila mtu anayaelewa, sivyo? Ebu tuyapime kwanza. Dawa ya usingizi huleta usingizi. Dawa ya mafua huondoa mafua. Dawa ya mbu humwua mbu au humfukuza, dawa ya meno huyasafisha meno, na dawa ya viatu huving’arisha viatu. Kiungo ni kilekile, ‘ya’, lakini kila mara kimebeba mzigo tofauti. Sasa dawa ya kuhara ni ya kumfanya mtu ahare, au ni ya kumfanya asihare? Na dawa ya kutapika je?

Wanasarufi hukiita kipashio hicho a-unganifu. Kazi yake ni kuhusisha vitu viwili, na hakisemi uhusiano wenyewe ni wa namna gani. Muktadha ndio husema. Kiswahili kina njia ya kuondoa utata huo pale panapohitajika. Kuna neno haluli, ambalo kamusi hulieleza kuwa dawa ya kumfanya mtu aende haja. Kuna pia kauli ya kutendesha: dawa ya kuharisha, dawa ya kutapisha. Aliyetaka kusafisha tumbo aliomba ya kuharisha, na aliyetaka nafuu aliomba ya kuzuia kuhara.

Lakini lugha haikai palepale. Siku hizi ukisikia mama akisema “mtoto anaharisha tangu jana”, hana maana kwamba mtoto anamharisha mtu mwingine. Ana maana kuwa mtoto anaumwa. Wengine husema “tumbo linamwendesha”, au mtaani, “anaendesha”. Kauli ya kutendesha imeanza kutumika kama kauli ya kutenda. Wala si ajabu, kwani hata kitenzi kuuguza, kinachotupa neno muuguzi, ukikitazama kwa umbo lake ungedhani maana yake ni kumfanya mtu augue. Kumbe maana yake ni kumtunza anayeugua. Umbo peke yake halitoshi.

Hoja ya makala haya ni kwamba kuna dawa moja ya tumbo isiyoleta kuhara na isiyozuia kuhara. Ni unga wa chumvi na sukari katika pakiti, ambao wauguzi huuita ORS. Kazi yake ni ya tatu, kazi ambayo maneno “dawa ya kuhara” hayaidokezi kabisa. Historia ya dawa hiyo inaonyesha kwamba kuigundua kulikuwa nusu ya safari tu. Nusu ya pili ilikuwa kutafuta namna ya kuitaja na kuieleza.

Mafuta ya mbarika kwa anayehara

Turudi karne ya 19. Kipindupindu kilikuwa kikitoka Bara Hindi na kuenea duniani wimbi baada ya wimbi. Pwani yetu haikusazwa. Mwaka 1869 na 1870 kiliua maelfu ya watu Unguja. Daktari Mskoti aliyekuwa akifanya kazi huko, James Christie, alifuatilia njia zake kupitia misafara na majahazi, akachapisha kitabu mwaka 1876 kuhusu milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki. Neno lenyewe, kipindupindu, sikio la Mswahili husikia ndani yake kitenzi pindua. Mtu alikuwa mzima asubuhi, ikifika magharibi amepinduliwa.

Madaktari wa Ulaya wa wakati huo walitibu vipi? Wengi walimtoa mgonjwa damu. Wengine walimpa kalomeli, ambayo ni mchanganyiko wa zebaki unaosukuma tumbo. Daktari mmoja mashuhuri wa London, George Johnson, aliamini kwamba mwili unahara ili kujiondolea sumu, kwa hivyo dawa ni kuusaidia uzidi kuhara. Akaagiza mafuta ya mbarika. Naam, anayehara alipewa kitu cha kumharisha. Yaani ule utata tulioanza nao ulikuwa utata wa fikira kabla ya kuwa wa lugha. Walioandika vitabu vya tiba wenyewe hawakuwa na hakika kama kazi ya dawa ni kuleta, kuzuia, au kitu kingine.

Jibu lilikuwa limeshatolewa mapema, ila halikusikilizwa. Mwishoni mwa 1831 kijana wa Kiayalandi, William Brooke O’Shaughnessy, alipima damu ya wagonjwa wa kipindupindu akakuta imepungukiwa maji na chumvi. Kisicho ndani ya damu kilikuwa kimetoka na choo. Mwezi Mei 1832, katika mji wa Leith karibu na Edinburgh, daktari Thomas Latta akachukua hatua ambayo hakuna aliyekuwa ameichukua kwa wagonjwa hao: alimtia maji ya chumvi mishipani mwanamke mzee aliyekuwa anakata roho. Mwanamke yule akafumbua macho, akapata sauti, akasema anajisikia vizuri. Latta akamwacha kwa mwenzake. Kuhara na kutapika kukarudi, hakuna aliyeendelea kumwongezea maji, na baada ya saa chache akafariki.

Tukio hilo limebeba somo zima. Maji ya Latta hayakuzuia kuhara. Yalirudisha kilichopotea, na yalihitaji kuendelea kurudishwa kadiri kilivyoendelea kupotea. Waliokuwa wakingoja kuhara kukome waliona dawa imeshindwa. Latta mwenyewe alikufa mwaka 1833, na njia yake ikawekwa kando kwa miongo mingi.

Sukari yashika chumvi mkono

Karne ya 20 ilipofika, maji ya mishipani, ambayo wengi wetu huyaita dripu, yakawa tiba inayokubalika. Lakini dripu inataka sindano safi, chupa zisizo na vijidudu na mtu aliyefunzwa. Kipindupindu hupenda mahali ambapo hayo yote hayapo. Swali likawa: kwa nini mgonjwa asinywe tu maji hayo?

Sababu ni kwamba maji matupu ya chumvi, utumbo unaohara hauyapokei vizuri. Hupita tu. Mwaka 1953 daktari Hemendra Nath Chatterjee wa Calcutta alichapisha katika jarida la Lancet habari za wagonjwa aliowatibu kwa kinywaji cha chumvi na glukosi, lakini wakubwa wa taaluma hawakumtilia maanani. Agosti 1960, katika mkutano uliofanyika Prague, mwanabiokemia Robert Crane alieleza jinsi jambo lenyewe linavyotendeka. Katika ukuta wa utumbo mdogo kuna mlango ambao sodiamu na glukosi hupita pamoja, kama watoto walioshikana mikono. Zikipita hizo mbili, maji huzifuata. Na sumu ya kipindupindu, pamoja na ukali wake wote, haiufungi mlango huo.

Hapo ndipo siri ya sukari iliyomo katika ORS. Haikuwekwa kwa ajili ya utamu, na nguvu inayompa mtoto si kazi yake kuu. Sukari ni mwenzi wa kuivusha chumvi. Ndiyo sababu vipimo ni muhimu hivyo. Sukari ikikosekana, chumvi haivuki vizuri. Sukari ikizidi, inayavuta maji kutoka mwilini kurudi utumboni na kuhara kunazidi. Chumvi ikizidi nayo inaweza kumdhuru mtoto vibaya. Mapema miaka ya 1960 Robert Phillips, daktari wa jeshi la majini la Marekani, alijaribu mchanganyiko uliokuwa mkali mno huko Ufilipino. Baadhi ya wagonjwa wakafa, naye akapoteza imani na wazo lile.

Waliolifufua walikuwa vijana wawili wa Kimarekani waliokuwa wakifanya kazi katika maabara ya utafiti wa kipindupindu mjini Dhaka, David Nalin na Richard Cash. Mwaka 1968 walifanya jambo linaloonekana la kawaida kabisa: walipima kiasi cha maji yanayomtoka mgonjwa, wakamnywesha kiasi kama hicho. Kikitoka kikombe, kinaingia kikombe. Haja ya dripu ikapungua sana.

Mwaka 1971 jaribio kubwa zaidi likaja bila kupangwa. Vita vya ukombozi wa Bangladesh viliwasukuma mamilioni ya wakimbizi kuingia India. Katika kambi ya Bongaon, karibu na mpaka, daktari Dilip Mahalanabis alikuta wagonjwa wa kipindupindu wamelala sakafuni juu ya matapishi na kinyesi, na dripu zinakwisha. Akaamua. Kwa kila lita ya maji wasaidizi wake waliweka gramu 22 za glukosi, gramu 3.5 za chumvi ya mezani na gramu 2.5 za magadi ya kuokea. Wakajaza mapipa yenye bomba, na ndugu za wagonjwa wakawa wanachota na kuwanywesha watu wao wenyewe. Kabla ya hapo karibu wagonjwa 30 katika kila 100 walikuwa wakifa. Kwa waliotibiwa na kikosi chake kiwango kilishuka hadi asilimia 3.6. Maelezo ya kuchanganya dawa yalichapishwa katika vijikaratasi na kutangazwa redioni kwa watu wa ng’ambo ya mpaka.

Mwaka huohuo wa 1971 wimbi la saba la kipindupindu lilifika Kenya. Miaka minne baadaye Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF yalikubaliana kuhusu fomula moja ya pakiti, na mwaka 2002 fomula hiyo ikapunguzwa ukali. Pakiti ya leo ya lita moja ina gramu 20.5, na kati ya hizo glukosi ni gramu 13.5 na chumvi ya kawaida ni gramu 2.6. Mwaka 2004 mashirika hayo mawili yaliongeza zinki: miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, na nusu ya hiyo kwa mtoto asiyetimiza miezi sita.

Majina manne ya ugonjwa mmoja

Sasa tuingie katika sehemu inayotuhusu sisi wa lugha. Kuwa na dawa ni jambo moja, na mama wa kijijini kuitumia saa nane za usiku ni jambo lingine. Shirika la BRAC la Bangladesh lilianza mwaka 1980 kwenda nyumba kwa nyumba kufundisha akina mama kutengeneza dawa hiyo kwa vitu vya jikoni. Kufikia 1990 lilikuwa limezifikia nyumba zaidi ya milioni 12.

Hawakwenda na gramu wala mililita. Walikwenda na mkono wa mama mwenyewe: chumvi ya kubanwa kwa vidole vitatu, konzi moja ya sukari guru, na maji nusu ‘seer’, kipimo cha sokoni ambacho ni karibu nusu lita. Wafanyakazi wao walilipwa kulingana na yale ambayo mama angeyakumbuka atakapotembelewa baadaye. Aliyefundisha kwa maneno yasiyoshika alipata ujira mdogo. Sijui mwalimu yeyote wa lugha aliyewahi kupewa mtihani mkali kuliko huo!

Matokeo ya awali yalishangaza. Akina mama walijua kutengeneza dawa, wakaitengeneza vizuri hata ilipopimwa maabara, lakini wengi hawakuitumia watoto walipougua. Kwa nini? Watafiti walipochunguza walikuta kosa liko katika neno. Waliofundisha walikuwa wakisema dawa hii ni ya ‘daeria’. Kwa wataalamu, neno hilo lilikuwa na maana ya kuhara kokote. Kwa wanakijiji, kuhara kulikuwa na majina manne. Dud haga kulikuwa kuhara kwa mtoto anayenyonya. Ajirno kulikuwa kuhara kwa chakula kilichokataa kusagika. Amasha kulikuwa kwa kamasi na damu. Na daeria kulikuwa kule kukali kwa majimaji, kunakofanana na kipindupindu. Mama aliyesikia “dawa ya daeria” aliitumia kwa daeria, akawaacha wenye aina tatu nyingine. Alitii maagizo kama alivyoyaelewa! BRAC ikabidi ibadilishe mafunzo, iyataje majina yote manne.

Jina la dawa nalo lilipata ufumbuzi wa kienyeji. Watu wa Bangladesh huiita ‘khabar saline’, yaani saline ya kula. Dripu waliijua kwa jina la saline na waliiheshimu. Jina jipya likawaambia kwamba hiki ni kile kile cha hospitalini, ila sasa kinapita mdomoni. Maneno mawili tu, na ndani yake mna maelezo yote ya kazi ya dawa.

Wenye ujuzi wa namna hiyo wakikosekana, hata hospitali hushindwa. Julai 1994 kipindupindu kilizuka Goma, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, miongoni mwa wakimbizi kutoka Rwanda. Karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza kwa kipindupindu na kuhara damu. Wataalamu kutoka Bangladesh waliofika kusaidia waliandika baadaye kwamba wagonjwa walirudishiwa maji polepole mno, na kwamba ORS haikutumiwa inavyostahili. Miaka 23 ilikuwa imepita tangu Bongaon.

Na huku kwetu?

Kiswahili nacho kina majina yake. Kuna kuhara, kuharisha, kuendesha, kuhara damu, tumbo la kukata. Na kuna lile ambalo kila mzazi amelisikia: “Usijali, ni meno.” Mtoto anaota meno, kwa hivyo akihara huonekana hana ugonjwa. Muuguzi anaposema “mtoto akihara mpe hii”, mama au nyanya anaweza kukubali kwa moyo wote, na wiki ijayo asimpe, kwa kuwa kwake yeye mtoto hahari bali anaota meno. Huko ni kutofautiana kwa maana za neno moja, kama ilivyokuwa kwa daeria.

Tatizo la pili ni hilo la ‘ya’. Mzazi akiambiwa hii ni dawa ya kuhara, huelewa kama alivyozoea kuelewa dawa ya mafua: inaondoa. Atampa mtoto jioni, na asubuhi akiona bado anahara atasema dawa haifanyi kazi. Ataiacha, atakwenda dukani kuomba “ile ya kukaza tumbo”. Na dawa za kukaza zipo. Loperamidi, iliyotengenezwa Ubelgiji mwaka 1969 katika maabara ya Janssen, hupunguza mwendo wa utumbo. Kwa mtu mzima mwenye tumbo la safari inaweza kumsaidia. Kwa mtoto mdogo ni hatari, kwani inaweza kuufanya utumbo usimame, na WHO haipendekezi dawa za aina hiyo kwa watoto. Choo kikisimama mzazi hufurahi, ilhali maji yaliyokwisha kumtoka mtoto hayajarudi.

Kuna atakayesema kwamba ninakuza kitu kidogo, kwamba muktadha huondoa utata, na hakuna mtu aliyewahi kwenda dukani na mtoto anayehara akauziwa haluli. Ni kweli. Kati ya kuleta na kuzuia, muktadha hutuokoa. Lakini muktadha huchagua miongoni mwa maana ambazo msikilizaji anazo tayari. Maana ya tatu, ya kufidia kinachopotea, haimo akilini mwa anayeisikia mara ya kwanza. Ikiwa muuguzi hakuitamka, muktadha hautamletea.

Basi kwa nini tusiitamke? Badala ya “dawa ya kuhara”, tuseme “maji ya kufidia” au “dawa ya kurudisha maji mwilini”. Tuseme pia: “Haitazuia kuhara leo. Kila akihara mpe, na akitapika ngoja dakika kumi kisha umpe polepole kwa kijiko.” Sentensi hizo hazihitaji kifaa chochote.

Vipimo navyo vitafutiwe maneno yanayoshikika. Kiswahili kilikuwa na utajiri wa vipimo vya mkono: konzi kwa kinachojaa ngumi, ukufi kwa kinachojaa kiganja, chopa kwa viganja viwili, na sokoni kibaba na pishi. Mengi ya hayo vijana wa leo hawayajui, na kwa dawa hii si lazima tuyafufue, kwa sababu mikono hutofautiana. Lakini funzo lake libaki. Anayeambiwa “lita moja” aonyeshwe chupa mbili za soda za nusu lita. Asiye na pakiti aambiwe vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa lita hiyo moja ya maji safi, vijiko vyenyewe vikiwa vimesawazishwa, visiwe vya mlima. Sukari sita, chumvi nusu. Kinyume chake ni hatari.

Kifua nacho kina ‘ya’ yake

Utata huu hauishii tumboni. Chukua dawa ya kikohozi. Kuna ya kulainisha makohozi ili yatoke, na kuna ya kunyamazisha kikohozi. Kazi hizo zinapingana, jina ni moja. Historia yake ni ya kuogofya kidogo. Kodeini ilitolewa katika afyuni mwaka 1832, mwaka uleule wa Latta. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer iliingiza sokoni dawa mpya ya kikohozi kwa jina la Heroin. Ndiyo, ni hiyohiyo. Leo hata kodeini haipendekezwi kwa kikohozi cha watoto walio chini ya miaka 12, maana inaweza kudhoofisha upumuaji. Kukohoa ni askari wa mapafu. Ukimnyamazisha askari, sharti ujue kwanza alikuwa akimpigia kelele nani. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi 5 anayepumua mara 40 au zaidi, huenda ana nimonia, na hiyo haitibiwi kwa sharubati yoyote ya kikohozi. Huyo ni wa kupelekwa hospitali mara moja.

Pumu ndiyo mfano mkali zaidi. Salbutamoli iliingia sokoni mwaka 1969 kwa jina la Ventolin, baada ya kutengenezwa na kikosi cha David Jack nchini Uingereza. Hulegeza misuli iliyobana njia za hewa, na mgonjwa hupata nafuu kwa dakika chache. Mwaka 1972 ikaja beklometasoni ya kuvuta, inayotuliza uvimbe ndani ya njia hizo. Hiyo haileti nafuu ya papo hapo. Hutumiwa kila siku, hata siku ambayo mtu anajisikia mzima. Zote mbili huvutwa kwa kichupa cha mdomoni, na zote kwa Kiswahili chetu cha kila siku ni “dawa ya pumu”. Mgonjwa mwenye vichupa viwili atachagua kipi? Bila shaka kile kinachofanya kazi anayoiona. Kingine atakiona hakina faida. Lakini cha kwanza hufungua mlango tu, nao moto unaendelea kuwaka ndani. Mwaka 2019 miongozo ya kimataifa ya pumu ilibadilika, ikasema vijana na watu wazima wasitegemee salbutamoli peke yake. Tukiwa na majina mawili, “ya kufungua kifua” na “ya kukinga”, nusu ya mafunzo yatakuwa yamekwisha kutolewa na jina.

Hata saa zetu zinataka uangalifu. “Kutwa mara tatu” ni maneno mazuri, lakini kutwa ni tangu jua kuchomoza hadi kuzama. Anayeyatii sawasawa atazimaliza dozi zote kabla ya magharibi, na usiku mzima mwili ubaki bila dawa. Na “kila saa nane” je? Kwa Mswahili saa nane ni wakati, alasiri inapokaribia. Anaweza kumeza kidonge kimoja kwa siku, saa nane mchana, na asiwe na kosa lolote la lugha. Anayeandika aandike: asubuhi ukiamka, alasiri, na usiku ukienda kulala.

Makadirio yaliyochapishwa mwaka 1982 yalisema kuhara kulikuwa kukiua watoto milioni 4.6 wa chini ya miaka mitano kila mwaka katika nchi zinazoendelea, China ikiachwa nje. Leo WHO inakadiria chini ya nusu milioni duniani kote. Maji safi, chanjo na lishe vimechangia, na pakiti ile ya chumvi na sukari ina sehemu yake kubwa. Mahalanabis alifariki Oktoba 2022, mwezi uleule ambao mlipuko mwingine wa kipindupindu ulianza hapa Kenya. Kazi yake, basi, bado haijamalizika.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili afaidi kikamilifu alichokinunua. Viweke vifungu hivyo viwili pamoja, kisha chukua pakiti yoyote ya dawa iliyo kabatini mwako usome imeandikwa lugha gani. Bodi zinazosimamia dawa, vyuo vya uuguzi na wataalamu wa Kiswahili wana kazi ya kufanya pamoja hapo. Muuguzi aliye zamu leo hahitaji kuwangoja. Anapomkabidhi mzazi ile pakiti, aongeze kitenzi kimoja tu baada ya ‘ya’: ya kurudisha, ya kufungua, ya kukinga. Mzazi atajua nyumbani anakwenda kungoja nini.